Papa wa Spielberg, Simba wa Tunduru

Nimeitazama Jaws mwaka huu kwa mara ya kwanza, nikiwa Songea, mamia ya kilometa kutoka baharini. Usiku ule nilichungulia ndani ya ndoo kabla ya kuoga. Kwa kipimo hicho, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975 bado inafanya kazi.

Inafanya kazi kwa sababu ya kuficha. Papa wa bandia aliharibika mara kwa mara wakati wa kupiga picha, hivyo kwa zaidi ya saa moja tunaona maji tu, na hofu tunaijaza wenyewe. Lakini filamu inamjaza papa kitu kingine: kinyongo. Anawawinda watu kana kwamba anawadai. Papa mkubwa mweupe wa kweli mara nyingi humng'ata mtu mara moja, akamwachia.

Nilimsimulia bibi yangu filamu hiyo. Hakushangaa. Alikulia Tunduru, na kwao simba mla watu hakuwa simba tu, alikuwa ametumwa. Alinisimulia tena habari ya mzee mmoja aliyenyooshewa kidole kijijini, akahama usiku na hakurudi. Habari hiyo nimeisikia tangu utotoni. Safari hii nikauliza nisichowahi kuuliza.

“Bibi, marehemu alikuwa amelala wapi?”

“Dunguni, mjukuu wangu. Nguruwe walikuwa wanamaliza mpunga.”

Mwaka 2005, Craig Packer na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, walichapisha utafiti uliohesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba nchini tangu 1990, wengi wao kusini. Maelezo yao yanafanana na jibu la bibi. Nguruwe pori huingia mashambani, simba huwafuata, na mkulima amelala pale pale, kwenye kibanda cha miti na nyasi, akilinda chakula cha mwaka mzima.

Hapo ndipo ninapoilaumu Jaws. Ina mhalifu mzuri kabisa: meya anayekataa kufunga ufukwe kwa sababu msimu wa watalii umefika. Ni binadamu, ana hesabu zake, na hesabu hizo zinaua. Kisha filamu inamwacha nchi kavu, inapanda boti, na kutupa samaki wa kulipua. Tunashangilia. Hakuna anayerudi kumuuliza meya.

Peter Benchley, aliyeandika riwaya ya mwaka 1974 iliyozaa filamu hiyo, baadaye alikiri kwamba asingeweza kuiandika tena vile, na akatumia miaka yake ya mwisho kuwatetea papa. Namheshimu kwa hilo. Ila kumsafisha mnyama ni nusu ya kazi. Mzee yule wa Tunduru naye alihitaji mtu wa kuuliza, mapema, marehemu alilala wapi na kwa nini.