Sara, Neema na Asna: Usawiri wa Mwanamke katika Bembea ya Maisha

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu nafasi ya mwanamke katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, aghalabu huandika orodha: Sara ni mvumilivu, Neema ni mwenye bidii, Asna ni mpinga ndoa. Sifa hizi zina ithibati katika matini. Tatizo ni kwamba zinawatenganisha watu wa nyumba moja. Hawa ni mama na binti zake, na kila binti ameyasoma maisha ya mama kwa macho yake.

Tuanze na Sara. Alipochelewa kupata mtoto, kijiji kilimsema. Alipojaliwa, akapata mabinti watatu, na kijiji kikamsema tena kwa kukosa mtoto wa kiume. Kosa linabadilika, mkosaji ni yule yule. Yona naye anaumizwa na masimango hayo na kuzama katika ulevi. Ulevi wake tunautafutia sababu. Uchungu wa mkewe tunauita uvumilivu na kuutuza alama. Je, hapo tunamsifu Sara au tunaendeleza kazi ya kijiji? (Baadaye Yona anapoingia jikoni kumpikia mkewe mgonjwa, watahiniwa humwandikia ukurasa mzima. Sara aliyepika miaka yote hapati hata sentensi.)

Neema ndiye jibu kwa waliodharau mtoto wa kike. Amesoma, anafanya kazi mjini na anashughulikia matibabu ya mama yake. Hata hivyo, kati yake na wazazi wake yupo Bunju, mumewe, na kati ya Bunju na mama mkwe ipo mila isiyoruhusu mkwe kulala kwake. Mwanamke anayeweza kumpeleka mama yake hospitalini hana uwezo wa kumlaza nyumbani kwake mwenyewe. Kinaya hiki kina uzito kuliko hotuba yoyote kuhusu taasubi ya kiume, hasa kwa kuwa Bunju si mhusika mwovu. Anaipenda familia yake na anaijali.

Asna ameyaona hayo yote. Kumwita mkaidi ni kusahau kwamba amefikia uamuzi wake kutokana na ndoa mbili alizozishuhudia kwa karibu. Tena hakatai ukoo. Kwake ndiko mama anakopata mahali pa kulala. Tumlinganishe na Tunu wa Kigogo, anayekataa kuozwa kwa Ngao Junior. Tunu ni rahisi kuungwa mkono kwa kuwa posa hiyo inatoka kwa Majoka, mtawala dhalimu. Asna hana dhalimu wa kumwonyeshea kidole, ndiyo maana anatusumbua zaidi.

Ninachomlaumu Arege ni kwamba msimamo wa Asna tunaupata zaidi katika mazungumzo na dada yake kuliko katika vitendo. Gharama ya kuishi bila ndoa mbele ya jamii ile ile iliyomtesa Sara haijapimwa jukwaani ipasavyo.

Niliwahi kuwauliza wasichana wa kidato cha nne wangechagua maisha ya nani kati ya hawa watatu. Wengi walimtaja Asna, kisha wakaniomba nisiwaambie mama zao siku ya wazazi.