Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Maana Aulizwe



Kitabu tunachokijadili safari hii si kigeni kwa wengi wenu. Ni kile cha Viktor Frankl kijulikanacho kwa Kiingereza kama Man's Search for Meaning, kilichotoka kwanza Vienna, kwa Kijerumani, mwaka 1946. Tumekiona kando ya vitanda vya wagonjwa wa saratani huku ughaibuni, kimeletwa na watu wenye nia njema. Basi tuulize: kinamfaa nini mgonjwa, na kinaweza kumdhuru wapi?

Frankl alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Myahudi aliyepitia kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwemo. Anasema maana ya maisha hupatikana kwa njia tatu: kazi tuifanyayo, mapenzi na mazuri tunayoyaonja, na msimamo wetu mbele ya mateso yasiyoepukika. Hapo ana nguvu, kwani hasimulii ya kuambiwa.

Kasoro tuionayo ni moja. Anawaeleza wafungwa waliokata tamaa kisha wakafa, na msomaji mwenye haraka hutoka na hesabu rahisi: mwenye maana hupona, asiye nayo hufa. Hesabu hiyo ni mbovu. Kambini kulikuwa na njaa, maradhi na vyumba vya gesi, na Frankl mwenyewe anakiri kuwa walio bora hawakurudi.

Sisi tuliosomea uhandisi hupenda kitu kipimwe. Mwaka 1989 David Spiegel wa Marekani aliripoti kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyoenea, waliokutana kila wiki kuzungumza, waliishi muda mrefu zaidi. Uchunguzi wa Kanada wa mwaka 2001, uliokuwa na wanawake 235, haukuona maisha kurefuka. Ulichoona ni maumivu na huzuni kupungua, hasa kwa waliokuwa na dhiki zaidi. Mwaka 2015 William Breitbart wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, alitoa matokeo ya wagonjwa 253 wenye saratani iliyokomaa. Waliopitia vikao vinane vilivyojengwa juu ya fikra za Frankl walipungukiwa na sonona na hamu ya kufa haraka, kuliko waliokuwa katika vikundi vya kawaida vya kufarijiana.

Faida hiyo si ndogo, lakini si dawa ya uvimbe. Tukimwambia mgonjwa "jipe moyo utapona", kisha hali ikazidi, tunamwachia maradhi na lawama pamoja. Frankl mwenyewe anafundisha kuwa mateso yanayoweza kuondolewa yaondolewe. Kwa hiyo dawa ya maumivu itangulie nasaha.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Uji tumpelekee bila kumwuliza. Maana ya maisha yake tumwulize yeye, kisha tunyamaze tusikilize. Huenda anataka tu kumwachia mjukuu namna ya kupika mkate wa kumimina. Tuchukue kalamu tuandike.