Kuganda ni Kufanyaje? Tahakiki ya Kisa cha Mpemba na Wasimulizi Wake

Makala ninayokusudia kuyahakiki hapa hayakuandikwa na mwanafasihi, wala hayakuandikwa kwa Kiswahili. Ni makala mafupi ya fizikia, ya kurasa chache tu, yaliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education la Uingereza. Waandishi wake ni wawili: Erasto Mpemba, Mtanzania aliyeanza kulifikiria jambo lenyewe akiwa mwanafunzi wa sekondari, na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Jina la makala ni neno moja la Kiingereza lenye alama ya kuuliza: Cool?

Wasomaji wetu watauliza makala ya fizikia yanatafuta nini katika kijarida cha Idara ya Kiswahili. Jibu langu ni kwamba kisa cha Mpemba ndicho kisa cha kisayansi cha Afrika Mashariki kilichosimuliwa sana kwa watu wasio wanasayansi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya masimulizi yake, ya Kiingereza na ya Kiswahili, pamoja na insha za wanafunzi wangu mwenyewe. Karibu yote yameiacha njiani ile alama ya kuuliza. Nadhani kosa hilo ni la lugha kabla halijawa la sayansi, na kwa hiyo linatuhusu.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaingiza katika friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombaniwa. Siku moja Mpemba alinunua maziwa kwa akina mama wa hapo jirani, akakimbilia kuyachemsha. Mwenzake mmoja alipoona nafasi zinakwisha, alichanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha, akayawahisha kwenye trei. Mpemba naye akaona kwamba akisubiri yake yapoe ataikosa trei ya mwisho. Akayaingiza yakiwa ya moto, potelea mbali friji ikiharibika. Baada ya saa moja na nusu walikwenda kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa kwamba alichanganyikiwa. Baadaye, alipofika Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu wa huko akasema kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu, na tangu hapo kila alipoteleza katika hesabu wenzake walimwambia kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Hakunyamaza. Alijaribu kwa bika mbili za maji katika maabara ya biolojia, na Osborne alipoitembelea shule na kukaribisha maswali, akamuuliza: kwa nini, ukiweka katika friji maji ya kiasi sawa, haya ya nyuzi 35 za Sentigredi na haya ya nyuzi 100, yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wanafunzi wenzake walimwona amewaaibisha. Osborne alitabasamu, akataka kurudiwa swali, akauliza kama kweli amejaribu, kisha akakiri kwamba hajui, akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam.

Kama mwalimu wa lugha, kinachonivutia kwanza ni usimulizi. Makala ya sayansi kwa kawaida humficha mtu. Tazama vitabu vyetu vya kiada: maji yalichemshwa, bika iliwekwa, joto lilipimwa, kila kitu kimetendwa na hakuna mtenda. Katika nusu ya kwanza ya makala haya Mpemba anasimulia kwa nafsi ya kwanza, kwa sentensi nyepesi zinazoandamana, bila kuficha kwamba ugunduzi wake ulianza kwa haraka ya kijana aliyeogopa kukosa trei. Nusu ya pili ni ya Osborne, naye hajifichi vilevile. Anakiri kwamba alidhani kijana amekosea. Anaeleza pia kuwa fundi wake wa maabara aliporudisha taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto yametangulia kweli, aliahidi kuendelea kulirudia jaribio hadi jibu sahihi lipatikane! Mwandishi mwingine angeifuta sentensi ile kwa kulinda heshima ya maabara. Osborne ameiacha, na humo msomaji anaona jinsi ilivyo vigumu hata kwa watu wa vipimo kuamini macho yao.

Sasa tuje kwa wasimulizi. Masimulizi mengi niliyokusanya yana muundo wa ngano: mdogo anadhihakiwa, wakubwa wanamkanusha, mwisho mdogo anashinda na wakubwa wanaaibika. Sina ugomvi na muundo huo. Ndio unaomfanya msikilizaji akae chini. Ila ngano hudai mwisho, na kisa hiki hakina mwisho. Ili waupate, wasimulizi hulazimika kukata vipande vitatu vya makala ya asili.

Kipande cha kwanza ni wauza aiskrimu wa Tanga. Mpemba mwenyewe anaeleza kwamba, baada ya kukanushwa na mwalimu wa kwanza, alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki huyo alimweleza kuwa wao huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili uwahi kuganda. Kumbe jambo lililoitwa fizikia ya mtu mmoja lilikuwa desturi ya biashara! Ngano haiwapendi watu hawa kwa sababu wanampunguzia shujaa upekee, hivyo hutoweka. Wanafunzi wangu nao huandika kwamba Mpemba "alivumbua". Mimi ningeandika kwamba aligundua, tena ningeongeza kuwa aliuliza, maana wauzaji walijua kabla yake lakini aliyelipeleka jambo mbele ya mhadhiri ni yeye.

Kipande cha pili ni kipimo cha Osborne. Alitumia bika ndogo zilizowekwa juu ya sponji ya kuzuia joto lisipite chini, akachora mchoro wa muda dhidi ya joto la mwanzo. Maji yaliyochukua muda mrefu kuliko yote yalikuwa yale yaliyoanza kwenye nyuzi 25 hivi. Yaliyoanza kwenye nyuzi 90 yalitumia muda mfupi zaidi sana. Lakini chini ya nyuzi 25 mambo ni kama kila mtu anavyotarajia: ya baridi zaidi hutangulia. Masimulizi mengi yanasema tu kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, kana kwamba ni amri. Mtu akilinganisha maji ya kisimani na maji yaliyokwisha kupozwa karibu na sifuri, ataona kinyume chake, na atadhani Mpemba alidanganya.

Kipande cha tatu ni shaka yenyewe. Hapa wasimulizi hupenda kutaja kwamba hata Aristotle, Bacon na Descartes waligusia jambo hili, kisha wanafunga kitabu. Ni kweli waligusia. Lakini mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kutafuta maelezo bora, yakapokelewa majibu zaidi ya 22,000. Wengine walisema maji ya moto hupungua kwa mvuke. Wengine, kwamba kuchemsha hutoa hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Wengine walishika mzunguko wa maji ndani ya chombo, ya moto yakipanda na yaliyopoa yakishuka. Wengine walisema chombo cha moto huyeyusha sakitu chini yake, kikagusana vizuri zaidi na friji. Mshindi alipatikana, ubishi haukwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti uliohoji kama jambo lenyewe lipo. Walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi sifuri, wakakosa ushahidi wa kutosha, wakaonesha pia kwamba tofauti ya sentimita moja tu ya mahali kipimajoto kilipowekwa inaweza kumfanya mpimaji aone "athari ya Mpemba" isiyokuwepo. Halafu mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walionesha kwa kipunje kidogo mno kilichodhibitiwa ndani ya maji kwamba kinachoanza na joto kubwa kinaweza kweli kuwahi kupoa kuliko kinachoanza na joto la kadiri. Hiyo ni habari kubwa. Hata hivyo kipunje kile si maziwa ya Magamba, na jaribio hilo haliamui ni trei ipi ilitangulia kuganda.

Niliyaelewa haya yote vizuri darasani, na aliyenielewesha ni mwanafunzi. Niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi ya kukieleza kisa cha Mpemba kwa Kiswahili. Kama ilivyo kwa wengi hapa Uganda, Kiswahili kwao ni lugha ya tatu au ya nne. Mmoja wao, anayetoka pande za Mbarara kwenye ng'ombe wengi, aliandika kwamba maziwa ya moto ya Mpemba yaliganda kwa sababu joto huyafanya maziwa yachache upesi. Wenzake wakacheka. Nikamuuliza amelipata wapi. "Mwalimu," akasema, "si umesema yaliganda? Maziwa yakiganda yanakuwa bongo." Yaani mtindi. Na hakukosea Kiswahili! Tanzania wenyewe huuita mtindi maziwa mgando. Damu huganda, samli huganda asubuhi ya baridi, mtoto humganda mama yake. Kitenzi kile kile tunakibebesha maji yanapokuwa barafu.

Mtu atasema ni suala dogo, muktadha utaamua. Kwa mtindi, naam, muktadha unatosha. Lakini hata tukikubaliana kwamba tunazungumzia barafu tu, bado "kuganda" hakusemi ni lini. Mpemba alifungua friji akatazama kama maziwa yamekuwa magumu. Osborne alipima muda hadi barafu ianze kutokea. Burridge na Linden walipima muda wa kufikia nyuzi sifuri, ambapo huenda hakuna hata chembe ya barafu, kwa kuwa maji safi yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji. Hayo ni maswali matatu, na kila moja linaweza kuwa na jibu lake. Kiingereza nacho kina kitenzi kimoja kwa yote matatu, na sehemu ya ubishi wa miaka yote hii imetokana na watu kujibu swali ambalo mwenzao hakuuliza. Hata makala ya asili yana ufa hapo. Osborne anaeleza wazi alichopima, lakini hasimami kumwonya msomaji kwamba hicho si kile alichokiona Mpemba kwenye trei. Kwa makala ninayoyapenda kiasi hiki, ni dosari ambayo haifai kufichwa.

Kiswahili kinaweza kufanya vizuri zaidi, na hakihitaji istilahi mpya kwa kazi hii. Tuna "kufikia nyuzi sifuri", tuna "kuanza kushika barafu", tuna "kuwa barafu tupu". Ni maneno ya kila siku. Tabu ni kwamba tunapofundisha kuandika habari za sayansi kwa watu wote, tunahimiza wepesi, na wepesi mara nyingi hutupeleka kwenye neno moja la jumla. Mwandishi wa ngano anaweza kuridhika na "yaliganda". Anayeandika kuhusu Mpemba akiridhika nalo amekwisha kuamua ubishi bila kujua, na msomaji wake hatakuwa na njia ya kugundua kwamba palikuwa na ubishi.

Baada ya somo lile wanafunzi walitaka kujaribu wenyewe. Tulitumia friji ya jikoni mwa bweni, vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, na kipimajoto cha kuazima. Niliwataka kwanza kila kundi liandike, kwa Kiswahili, litakachokihesabu kuwa ndicho kuganda, na majadiliano hayo yakachukua muda mrefu kuliko jaribio. Umeme ulikatika baada ya dakika arobaini. Tulipofungua friji, vikombe vyote viwili vilikuwa na maji, na yule wa Mbarara, aliyekuwa mwandishi wa siku hiyo, aliandika daftarini: hayajaganda kwa maana zote tatu, wala hayajawa bongo.