Kaburi la Songea na Mwendo wa Utenzi

Watu wa pwani wanaozuru Makumbusho ya Majimaji mjini Songea huingia humo kama wageni wa msiba wa jirani. Familia hufika shule zikifungwa, baada ya safari ndefu ya kupitia Makambako na Njombe; watoto husimamishwa mbele ya sanamu za manduna wa Kingoni wapigwe picha, kisha wakapelekwa penye kaburi la halaiki la watu zaidi ya sitini walionyongwa na Wadachi tarehe 27 Februari 1906. Pana na kaburi la Songea Mbano mwenyewe, aliyenyongwa baada ya wenzake. Maelezo husomwa, dua ikaombwa na mwenye kuomba, na matembezi yakaisha.

Matembezi ya namna hii nayo ni usomaji, na kila msomaji huja na tungo zake kichwani. Mtu wa pwani huja na zipi? Tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, ndiyo inayojulikana zaidi, lakini hiyo ni ya Rufiji, mahali maji yalipoanza kutolewa. Songea ndipo yalipofika mwisho wake mchungu. Hongo aliyeyaleta Ungoni, Omari Kinjala, hatajwi sana katika mazungumzo yetu ya fasihi, wala Nkosi Mputa Gama aliyepanda kitanzini siku ile ya Februari.

Utenzi tunao. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyeishi zama za vita vyenyewe, alitunga *Utenzi wa Vita vya Maji-Maji*, uliotolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Huu ningependa kila familia ya pwani iuchukue garini inapokwenda Songea, ijapokuwa nina neno juu yake.

Neno langu ni la umbo kwanza. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya mwanzo hupatana vina, na cha nne hurejea kwenye kina cha bahari, kile kile toka mwanzo hata tamati. Umbo hili limeundwa kwa ajili ya mwendo. Jeshi litoke, boma lizingirwe, barua ipelekwe: utenzi huyabeba yote kama jahazi lenye upepo wa nyuma. Lakini kina cha kudumu hufunga kila jambo kwa uzito mmoja. Mji uliotekwa na mtu aliyenyongwa hupata mwisho wa sauti ile ile, na msomaji hana pa kutua. Kaburini hatupiti, husimama tukanyamaza. Ndiyo maana naona tenzi zetu za vita, kwa uhodari wake wote, hazikuufikia mti wa kunyongea.

Hata hivyo utenzi huo una faida ambayo sanamu za mashujaa haziwezi kuitoa. Umetungwa na mtu wa mji wa pwani, kwa Kiswahili cha pwani, na kwa hiyo humkumbusha mgeni kwamba yeye si mgeni. Wamatumbi walipoinuka mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa pamba, kisha wakaushambulia mji mdogo wa Samanga na maduka ya wafanyabiashara wa pwani. Akida aliyewasimamia shambani kwa amri ya Mdachi alikuwa, mara nyingi, Mwarabu au Mswahili. Askari waliokwenda kuzima vita walikuwa Wasudani, Wamanyema, na Waswahili pia. Mtoto akiuliza penye kaburi, "Baba, nani aliwafunga kamba?", jibu la "Wajerumani" ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, na lugha tunayojivunia ndiyo iliyotumika kutoa amri.

Wenzetu waliohamia Skandinavia wana matembezi mepesi zaidi. Wakiwapeleka watoto Stockholm kuitazama Vasa, meli ya mfalme iliyozama 1628 siku ya safari yake ya kwanza na kuopolewa 1961, wanaweza kucheka pamoja na wenyeji, kwa kuwa aibu ile imekwisha kupoa. Ya Songea haijapoa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama hapo akaomba msamaha mbele ya kizazi cha Songea Mbano, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu lake, ambalo kizazi hicho husema lilichukuliwa likapelekwa Ulaya.

Basi ni bahari gani ingefaa? Jibu naliona Pate. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika *Al-Inkishafi*, aliutembeza moyo wake ndani ya majumba yaliyohamwa, akiuonyesha hiki na kile kama baba amwonyeshavyo mwana. Hayo nayo ni matembezi, na ni marefu kuliko yote tuliyo nayo katika ushairi. Mtunzi hakuwa mgeni katika magofu yale. Alikuwa akisema na nafsi yake, akiihesabu miongoni mwa wenye kuhojiwa. Jicho hilo likipelekwa Songea lingeona sanamu, lingeona kaburi, kisha lingegeuka kumtazama aliyeshika kamera.

Marthia ya namna hiyo ina taabu yake. Mila ya marthia ni kumtaja maiti, sifa zake, na alipolazwa. Masimulizi ya Songea yanatoa sifa: nduna aliyetaka anyongwe kama wenzake walivyonyongwa. Jina lipo, hata mji umelichukua. Lakini kiwiliwili kiko Ruvuma na kichwa hakijulikani kilipo, na mshairi atakayekaa kuutunga ubeti wa mazishi itambidi aamue kwanza auelekeze upande gani.