Rangi za Ndege Aliyeuawa

Mshairi wa pwani akimtaja ndege, msikilizaji haulizi manyoya yake. Huuliza ni nani anayesemwa. Jicho hilo lililozoea mafumbo ndilo linalofaa kuusomea utungo wa Mwingereza Alexander Pope uitwao Windsor-Forest, uliochapishwa London mwaka 1713. Kinachokumbukwa zaidi humo ni kifo cha fezanti, ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, anayewindwa mashambani Uingereza majira majani ya miti yapukutikapo. Swali ni kwa nini mshairi amemweka pale alipomweka.

Utungo huu umejengwa kwa mistari miwili miwili yenye kina kimoja, kila mstari mizani kumi. Muundo huo humwezesha Pope kuyaweka mambo mawili ubavu kwa ubavu bila ya neno la kuyaunganisha. Kwanza anamleta mbwa. Mbwa huyo, wa aina ya spanieli, humtangulia bwana wake katika shamba lililokwisha kuvunwa, akihema kwa matumaini. Upepo unapomletea harufu ya kwale, hujilaza chini, kimya, akiwanyemelea kwa mawazo tu. Kwale hawana habari. Mara wavu unawafunika. Hapo mshairi anaomba ruhusa ya kulinganisha dogo na kubwa, kisha anasema kuwa ndivyo majeshi ya Uingereza yanavyouzingira mji ulioshiba na kughafilika, yakauteka ghafla, na bendera ikapepea juu.

Mara tu baada ya bendera hiyo, fezanti anaruka. Bendera imepanda na ndege anapanda, naye pia kwa mbwembwe za mshindi. Moto wa bunduki unampata, anaanguka, anatapatapa katika damu. Hapa ndipo penye ustadi. Pope hasemi kwamba ushindi wa taifa ni mfupi kama furaha ya ndege. Amewaweka wawili hao jirani, akamwachia msomaji. Kisha anazihesabu rangi: kishungi cha zambarau, duara jekundu la macho, kijani cha manyoya, dhahabu ya kifua. Rangi hizo hazikutajwa ndege alipokuwa akiruka. Zinatajwa pale ambapo hazimfai kitu tena, na kwa hiyo pambo limegeuka kilio.

Hata hivyo, kilio hicho kina kasoro. Kwale, ndege wa rangi ya udongo, hawakuliliwa. Watu wa mji uliotekwa hawakupewa hata sura. Huruma ya mshairi inalifuata jicho: penye rangi inasimama, pasipo na rangi inapita. Si kwamba Pope alikuwa mkavu wa moyo. Mwaka huo huo aliandika katika gazeti la The Guardian makala ya kukemea ukatili kwa wanyama. Lakini kuelekea mwisho wa utungo, mto Thames unaitakia dunia amani itakayokomesha utumwa, ilhali mapatano ya Utrecht ya mwaka huo, ambayo utungo unayashangilia, yaliipatia Uingereza haki ya kupeleka Waafrika utumwani katika makoloni ya Hispania huko Amerika kwa muda wa miaka 30. Waafrika hao hawakupata mstari wa kuliliwa.

Msomaji wa visiwani, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hawezi kulipita jambo hilo kimya. Kuuliza hivyo hakumpunguzii fezanti uzuri wake, wala hakumvui Pope ushairi wake. Kunamfanya msomaji airudie mistari ya mwanzo, amtazame tena yule mbwa aliyejilaza shambani, na awaone kwale kabla wavu haujashuka.