Chambo cha Ufukweni: Namna ya Kukipima Kabla ya Kukitupa

Ukisimama ufukweni Kigamboni, Msambweni au Nungwi na kutupa mshipi kwenye mawimbi, chambo chako hupata misukosuko ambayo cha mvuvi wa mtumbwini hakiijui. Kinarushwa kwa nguvu, kinapigwa na maji yanayovunjika, kinasuguliwa na mchanga, na kinadonolewa na samaki wadogo kabla mkubwa hajafika. Ndiyo maana mjuzi wa ufukweni hupima kwanza uimara, kisha harufu, kisha mfanano na chakula cha mahali pale. Anayeanza na bei au rangi huishia kuwalisha bunju.

Anza na ufukwe wenyewe

Subiri bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kisha maji yakipwa tembea pale unapokusudia kuvua. Tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani yetu inaweza kuzidi mita 3, kwa hiyo malisho ya samaki hubaki wazi mbele ya macho yako. Mchanga wenye matundu ya kaa na vichuguu vya minyoo utatembelewa na chaa na changu maji yakianza kujaa. Miamba yenye mashimo ni makazi ya chewa, ambaye hula kaa, pweza na samaki wadogo. Na penye mlango katika mwamba, au mkondo wenye kina karibu na nchi kavu, kolekole na mzia hupita wakiwinda mkizi na dagaa. Chagua chambo kwa kufuata ulichokiona hapo.

Ngisi na pweza

Katika vyambo vyote vya ufukweni, ngisi ndiye anayekubaliwa na samaki wengi zaidi. Akiwa mbichi, ngozi yake inang'aa, madoa ya kahawia yanaonekana vizuri na nyama ni nyeupe. Akishageuka rangi ya waridi na ngozi ikachubuka kwa kuguswa tu, mwache mezani. Mkate vipande virefu vyembamba, vyenye ncha upande mmoja. Toboa upande mpana mara mbili, uache ncha icheze majini. Kipande kilichokunjwakunjwa kwenye ndoana huzunguka kama pia na kuusokota mshipi.

Pweza ni mgumu kuliko ngisi. Kipande cha mkono wake hustahimili mitupo mingi na meno ya wadokozi, ila harufu yake hutoka polepole. Kitwange kidogo kwa jiwe ili nyama ilegee. Ukiuziwa pweza wachanga kwa jina la chambo, kataa: Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500, na ngozi ya pweza mchanga haina ule ugumu unaoutafuta.

Samaki, kambamiti na kaa

Kibua na simu wana mafuta mengi, na mafuta ndiyo yanayosambaza harufu mbali. Sokoni Feri, Dar es Salaam, nenda alfajiri samaki wanaposhushwa. Tazama macho yaliyojaa na maangavu, funua mashavu uone wekundu wa damu, kisha bonyeza ubavu kwa kidole. Nyama ikirudi mahali pake, mchukue. Shimo la kidole likibaki, huyo atameguka ukimrusha mara ya kwanza tu.

Samaki aliyegandishwa ana kasoro hiyohiyo hata kama aliingia kwenye friza akiwa mbichi, kwa sababu chembe za barafu huipasua nyama na ikiyeyuka huwa teketeke. Dawa yake ni chumvi ya mawe. Nyunyizia vipande jioni, viache usiku kucha. Chumvi hunyonya maji na nyama hukaza.

Kambamiti ni mtamu kwa changu na chaa, lakini ni dhaifu. Kichwa kikishakuwa cheusi, siku zake zimepita. Hata aliye mbichi mfunge kwa uzi mwembamba wa kushonea, mizunguko michache tu, ukiacha ncha ya ndoana nje. Kaa mdogo aliye hai anamfaa changu, ambaye meno yake yanavunja gamba bila shida. Mvunje makucha kwanza, na ndoana ipite kwenye tundu la mguu.

Chambo bandia

Wavuvi wa pwani wamekuwa wakifunga manyoya meupe na nyuzi za nailoni zinazong'aa kwenye ndoana tangu kabla ya maduka kujaa rapala, yaani samaki bandia wa kiwandani. Chambo cha kununua usikipime kwa rangi. Pima mambo manne. Kwanza, kama ni cha mbao au plastiki, je, kuna waya unaopita mwilini kuanzia mdomoni hadi mkiani? Bila huo, kolekole mkubwa atakivunja vipande viwili. Pili, vuta pete zinazoshika ndoana. Zikifunguka kwa vidole, zibadilishe. Tatu, buruta ncha ya ndoana juu ya ukucha wa dole gumba: iliyo kali hung'ang'ania, butu huteleza. Nne, kiweke kwenye kidole uone kinapolala sawa. Chenye uzito upande wa mkia huruka mbali hata dhidi ya upepo, kilicho chepesi mkiani hupinduka hewani.

Kwa mawimbi, kijiko cha chuma kirefu na chembamba hushinda samaki wa plastiki mpana, kwani upepo haukipati. Kolekole anataka kasi, kwa hiyo kivute haraka. Kwa mzia ongeza waya mfupi mbele ya ndoana, la sivyo meno yake yataukata mshipi. Na ukiona mkizi wanaruka juu ya maji, jua kuna anayewafukuza chini yao: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.

Wakati wa kutumia kipi

Kusi inapovuma na maji kuchafuka, samaki haoni mbali. Tumia chenye harufu: kibua au kambamiti. Kaskazi maji yanapotulia na kuwa meupe, macho ya samaki yanafanya kazi na chambo bandia kinapata nafasi yake. Ngisi anafaa nyakati zote mbili.

Kwa mwenye fedha za chambo kimoja tu, jibu ni hili: nunua ngisi mbichi, mkate vizuri, na senti zinazobaki zinunue ndoana kali na pakiti ya chumvi. Rapala ya bei kubwa isubiri siku utakayokuwa umeujua ufukwe wako.