Kazi Safi ya Ubaridi: Namna ya Kumpima Fundi wa Chumba cha Mvinyo

Mashine ya kupoza chumba cha mvinyo ikifa, wenye nyumba wengi huuliza swali moja: mpya inauzwa wapi? Fundi aliyeiva huuliza jingine: hii imekufa kwa nini? Unaweza kuanza kumpima hapo, kabla hajashika hata bisibisi. Kompresa iliyofungwa vizuri hudumu miaka. Ikifa mapema, mara nyingi kuna kitu chumbani au kwenye umeme kilichoiua, na kisipoondolewa kitaiua na ya pili.

Fundi wa kubabaisha hugusa kompresa, huiona ya moto, akatangaza, "Bosi, hii basi tena, lete mpya." Fundi safi hupima umeme unaoingia, kisha kapasita, kisha feni ya kondensa, na kama mapezi yamejaa vumbi huyasafisha ndipo atoe hukumu. Kapasita ni kifaa cha bei ndogo, lakini ikiharibika kompresa hunguruma na kukata, ukadhani imeungua. Fundi akikwambia huhitaji mashine mpya, hifadhi namba yake.

Hesabu ya joto

Mvinyo, uwe wa Dodoma au wa Bordeaux, hutunzwa vyema kwenye nyuzi 12 hadi 14 na unyevu wa asilimia 50 hadi 70. Mashine nyingi za kuchomeka ukutani zimeundwa kushusha joto kwa nyuzi kama 17 tu chini ya joto la mahali zinapotolea hewa yake ya moto. Piga hesabu: ukitaka nyuzi 13 ndani, nyuma ya mashine pasizidi 30. Nairobi hesabu hiyo inakubali karibu mwaka mzima. Dar es Salaam mwezi Februari inagoma, hasa mgongo wa mashine ukielekezwa kwenye stoo isiyo na dirisha. Hewa ya moto itazunguka humo humo, na kompresa haitapata pumziko.

Kwa hiyo fundi mjuzi huacha kipimajoto stooni usiku na mchana kabla ya kutaja bei. Akiona hesabu haikai sawa, atakushauri mashine ya vipande viwili: kompresa nje kivulini, kipozeo ndani, na mabomba ya shaba kati yake. Ukimwomba afunge AC ya sebuleni kwa kuwa ni rahisi, atakataa. AC hizo kwa kawaida haziwekwi chini ya nyuzi 16, nazo hukausha hewa. Kizibo kikikauka husinyaa, hewa hupenya, na mvinyo huharibika.

Atasoma pia kibao cha mashine. Mashine nyingi za vyumba vya mvinyo hutengenezwa kwa soko la Marekani, volti 115 na hezi 60. Muuzaji atakwambia transfoma inatosha. Transfoma hubadilisha volti, hezi haizigusi. Kompresa ya hezi 60 ikipewa umeme wetu wa hezi 50 huzunguka pungufu kwa moja ya sita, na ubaridi hupungua nayo. Dai kibao kinachosema volti 220 hadi 240, hezi 50. Kisha muulize habari ya friji gadi. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kifaa hicho huizuia kompresa kwa dakika chache ili presha zisawazike. Fundi asiyekitaja hajali mashine yako itaishi muda gani.

Shaba haidanganyi

Kwenye mashine ya vipande viwili, ustadi unaonekana kwenye mabomba. Mwombe fundi achomelee kipande cha majaribio, kisha akipasue kwa urefu. Ndani ukikuta shaba ingali inang'aa, alipitisha naitrojeni taratibu wakati wa kuchomelea. Ukikuta weusi unaobanduka magamba kwa ukucha, hakupitisha. Magamba hayo yatasafiri mpaka kwenye draya, yaani kichujio cha mfumo, au kwenye mrija wa kapilari, ambao kwa mashine ndogo tundu lake mara nyingi halifiki milimita moja, na huko yatakwama.

Nje ya bomba, tazama kiungo. Risasi ya kuchomelea izunguke mduara mzima, laini, bila uvimbe wala pengo. Kona ziwe za mviringo, bomba lisibonyee. Shaba ikatwe kwa kikata bomba. Msumeno huacha unga wa shaba ndani.

Kabla ya gesi, mfumo hujazwa naitrojeni na viungo hupakwa povu la sabuni. Fundi mwenye subira hutazama kila kiungo, pamoja na kile kilicho nyuma ambapo lazima apige magoti na kioo mkononi. Halafu hupiga vakyumu mpaka kipimo cha dijitali kisome maikroni 500 au chini, hufunga vali, na kusubiri. Namba ikipanda kidogo ikatulia, ndani kuna unyevu. Ikipanda bila kukoma, kuna mahali panavuja. Asiye na kipimo hicho, anayetegemea mshale wa geji za kawaida na pampu ya dakika tano, anabahatisha.

Gesi nayo huwekwa kwa mzani, gramu zile zile zilizoandikwa kwenye kibao. Kuchaji kwa kuangalia barafu kwenye bomba ni kukisia. Ogopa pia neno "gesi imeisha." Mfumo wa kupoza umefungwa pande zote, gesi hailiwi kama mafuta ya gari. Ikipungua, imevuja, na anayeongeza bila kutafuta tundu atarudi kukutoza tena. Kama mashine inatumia R290 au R600a, ajue kwamba gesi hizo hushika moto. Moto wa kuchomelea haukaribii mfumo wenye gesi ndani.

Angalia pia gesi ya zamani inakwenda wapi. Gramu moja ya gesi ya kupozea ya R134a hupasha dunia joto kama gramu 1,430 hivi za kabonidayoksaidi. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali, mwaka 2016, kupunguza gesi za jamii hiyo. Fundi wa kweli huinyonya na kuiweka mtungini. Anayeifungulia uani mwako amekuonyesha anavyofanya kazi pasipo macho ya mtu.

Ukuta na maji

Mashine bora haitashinda ukuta mbovu. Sponji ya kuzuia joto ikae nyuma ya karatasi ya plastiki, na plastiki iwe upande wa joto, yaani nje ya chumba baridi. Ikiwekwa ndani, mvuke hupenya ukutani, hukutana na ubaridi, hugeuka maji, na ukungu huanza. Pembezoni mwa tundu la mashine pajazwe povu, kisha mwanga wa tochi usipenye. Mwisho, mimina glasi ya maji kwenye sinia ya kipozeo. Yatoke yote nje kwa bomba la mteremko, bila dimbwi wala mchirizi ukutani.

Siku ya kulipa

Usipokee kazi kwa kuangalia namba kwenye mashine tu. Namba hiyo ni ya hewa, na hewa hupoa haraka. Jaza chupa tupu maji, tumbukiza kipimajoto, iweke kwenye rafu ya juu kabisa, palipo na joto kuliko kwingine. Chupa itachukua siku moja au mbili kufika nyuzi 13. Ikifika na kutulia, sikiliza kompresa: ifanye kazi, izime, ipumzike, iwake tena. Isiyozima kamwe imezidiwa tangu siku ya kwanza. Patana na fundi mapema kwamba sehemu ya malipo itabaki mkononi mwako mpaka saa hiyo. Anayeijua kazi yake hatabisha, maana naye atataka kusoma kipimo cha ile chupa.